Kwenye simu nasema yote, uso kwa uso nakuwa bubu

BARUA

Shikamoo dada.

Naomba jina langu lisiandikwe na mtaa wangu usitajwe. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, fundi cherehani hapa Tanga mjini. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 12 na wa kiume minane. Niliachika miaka minne iliyopita, na tangu eda iishe nakaa kwa mama.

Nianze na ndoa, maana bila hiyo hutanielewa. Nilikaa na baba watoto miaka kumi. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa kupiga. Mwaka wa pili, usiku mmoja, nilijipa moyo nikamwambia kwa sauti ya chini kitu ninachokipenda na kitu kinachoniumiza. Akawasha taa. Akakaa kitako kitandani, akanitazama, akaniuliza: "Umefundishwa na nani?" Nikamwambia sijafundishwa na mtu. Hakuamini. Wiki nzima alikuwa anakagua simu yangu, na wakati huo nilikuwa na kitochi tu, hakina kitu zaidi ya meseji za salio. Tangu usiku ule mpaka talaka sikusema tena. Miaka minane dada.

Baada ya kuachika shoga yangu aliniingiza kwenye grupu la WhatsApp la kungwi mmoja. Kiingilio 5,000 kwa mwezi, wanawake tupo zaidi ya mia tatu. Niliingia kwa laini ya pili na jina la Mama Shuwari. Mwanzo nilikuwa nasoma tu. Siku moja bibi harusi wa wiki tatu akaandika kwamba anaumia na mama mkwe anamwambia avumilie, ndiyo ndoa. Ikapita nusu saa hakuna aliyemjibu. Nikamjibu mimi. Tangu hapo watu wananisubiri, na kungwi mwenyewe amenipa zamu ya Alhamisi usiku. Mambo ninayoyaandika humo, mama akiyasikia ataomba ardhi ipasuke.

Sasa B. Tulikutana kwenye kundi la Facebook la watu wanaotafuta wenza. Nilikuwa nimeandika mistari mitatu kujieleza. Wanaume kama ishirini walikuja inboksi na "mambo mrembo". Yeye aliniuliza shati la kitenge la mikono mirefu Tanga linashonwa shilingi ngapi, kwa sababu Mwanza mafundi wanamlalia. Nikacheka. Tukaanzia hapo. Ni mtu wa Ujiji, ana miaka 41, ni mtunza stoo kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Anasema aliachana na mkewe zamani. Huu ni mwezi wa kumi na nne tunaongea. Hajawahi kuniomba hata bando.

Ukifika usiku, watoto wamelala, tunaongea kwa meseji na kwa sauti za kurekodi. Nasema nisichowahi kusema. Nakuwa mchokozi, nakuwa na utani, naomba, nakataa. Naye ananiambia mambo yake, hata yanayomtia aibu. Mwanzoni alinitumia video moja ya wale watu wa kizungu, nikamwambia sipendi vitu hivyo, hajatuma tena.

Mwezi wa sita alikuja Tanga. Tulikaa Raskazone, ufukweni, tukanywa madafu. Dada, tulikuwa kama watu wanaosubiri daktari. Tuliongea bei ya mchele. Tuliongea mabasi. Hakunishika hata mkono na mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilirudi nyumbani nikalia. Saa nne usiku, yeye yuko gesti na mimi niko kwa mama, hata kilomita mbili hazifiki, simu ikalia: "Umelala?" Tukaongea mpaka saa nane, kama kawaida yetu.

Mambo mengine matatu ndiyo yananinyima usingizi. Nilimtumia picha moja, siyo ya uso, kwa ile njia ya kuonekana mara moja. Kovu langu la pasi mkononi linaonekana, na pazia la chumbani. La pili, mwezi uliopita niliona amelaiki picha ya mwanamke mpya kulekule kwenye kundi la wenza. La tatu hata naona haya kulieleza: spika ya kibandani ilikuwa inapiga taarab, imeunganishwa na simu yangu. Sauti yake ikaingia, nikabonyeza bila kufikiri. Sekunde tatu tu. Mteja mmoja, mama wa makamo, aliinua macho kwenye kitambaa, akanitazama, akaendelea kupapasa kitambaa. Hakusema neno. Mpaka leo nikimwona natokwa na jasho.

B anataka kuleta posa baada ya mfungo. Mimi nampenda, au nampenda yule wa usiku. Naogopa ninayeolewa naye ni yule wa Raskazone. Na naogopa anayemtaka yeye ni Mama Shuwari, wakati atakayeingia ndani ni mimi wa kwa mama. Hajui habari za grupu. Nikimwambia, ataniuliza nimefundishwa na nani? Je, nikubali posa? Nikikubali, nimzime huyu wa usiku, nijitoe kwenye grupu, nianze upya kama mke? Ama mtandao umeniharibu?

Fundi, Tanga


JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili nilicheka peke yangu pale kwenye spika, unisamehe. Mara ya tatu nilirudi kwenye ile taa iliyowashwa usiku, na hapo sikucheka.

Nikikuelewa vizuri, unajiona kama watu wawili. Mmoja yupo kwenye simu, ana ulimi. Mwingine yupo kwenye kibanda cha cherehani na kwenye nyumba ya mama, na huyo ni bubu. Unaamini kwamba wa kwanza ametengenezwa na mtandao na wa pili ndiye wewe wa kweli. Halafu unaniuliza yupi aolewe na yupi azimwe. Mimi kabla ya kufika kwa B nataka tuliangalie hilo kwanza, kwa sababu barua yako yenyewe inalipinga.

Tazama uliyoyaandika. Mwaka wa pili wa ndoa ulimwambia mumeo unachokipenda na kinachokuumiza. Wakati huo ulikuwa na kitochi. Hapakuwa na grupu, hapakuwa na kungwi wa 5,000, hapakuwa na Mama Shuwari. Maneno uliyatoa wapi? Mumeo alitafuta mwalimu ndani ya simu akakuta meseji za salio, maana mwalimu hakuwepo. Yale yalikuwa maneno yako. Kwa hiyo kuna swali lingine la kujiuliza: je, mtandao ulikupa sauti, au ulikurudishia iliyozimwa pamoja na ile taa? Silijibu mimi. Lakini mtu anayejiuliza "nimeharibika?" na mtu anayejiuliza "nimerudi?" hawafanyi uamuzi mmoja juu ya posa.

Na lile swali la "umefundishwa na nani" lina kichekesho chake kwa mwanamke wa pwani. Sisi tumefundishwa! Kungwi alikuwepo kabla ya bibi zetu. Mwali aliwekwa ndani, akaimbiwa, akachezewa ngoma, akaambiwa mambo ya chumbani waziwazi na wanawake wazima, kwa nyimbo ambazo ukizisoma kwa karatasi unaona haya. Jamii nzima ilijua kwamba mke amefundishwa, na mume alitarajia hivyo. Ila palikuwa na sharti: asionekane anajua. Akijua bila kusema, huyo amelelewa. Akisema, hapo taa inawashwa. Mama zetu walizunguka sharti hilo kwa njia zao, wengine jambo wasiloweza kulitamka walilivaa, unaliona limeandikwa kwenye pindo la kanga siku hiyo. Wewe umelizunguka kwa laini ya pili.

Kilichobadilika ni mlango. Chumba cha unyago, yaani cha mafunzo hayo ya mwali, kilikuwa na mlango, na aliyeingia alijulikana ni binti wa nani na ameletwa na somo gani. Hata marehemu Bi Kidude, yule mwimbaji wa Zanzibar, alipoipandisha ngoma ya unyago jukwaani, mbele ya wanaume na wageni, wapo walioona siri imetolewa uwanjani. Grupu lenu lina watu zaidi ya mia tatu. Unawajua wangapi? Nani amehakikisha kwamba wote ni wanawake? WhatsApp inafunga ujumbe njiani tangu mwaka 2016, asiyehusika hawezi kuusoma ukipita, hilo ni kweli. Lakini haimfungi aliyeupokea. Skrinishoti moja ya Alhamisi yako inaweza kufika kwa mama kabla ya adhana ya alfajiri. Nasema hivi huku naamini kwamba yule bibi harusi wa wiki tatu ulimsaidia kweli. Nusu saa wanawake mia tatu wamekaa kimya, ukajibu wewe. Sikuambii uache. Nakuambia ujue uko chumba gani: jibu maswali, lakini usimwage humo habari zako wala za B, na picha yoyote isiingie. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imekataza kusambaza picha na video za ngono kwa mtandao.

Haya, Raskazone.

Wewe ulirudi nyumbani ukilia kwa sababu uliona mmoja kati ya B wawili ni wa uongo. Kuna mtafiti wa mawasiliano wa Marekani, Joseph Walther, ambaye mwaka 1996 aliandika jambo ambalo wapenzi wa simu wanalijua bila kulisoma: watu wanaoandikiana wanaweza kufika karibu zaidi kuliko wanaoonana. Anayeandika ana muda wa kuchagua neno, anafuta, anaandika tena. Anayesoma haoni jasho wala meno yaliyopinda, na pale pasipo na habari anajaza mwenyewe, na mara nyingi anajaza kizuri. Nawe ni fundi, unalijua hili kuliko mimi. Mteja anakuletea picha ya mshono kwenye simu, anataka uwe vilevile. Picha haikudanganya, gauni lile lipo kweli. Lakini kitambaa alichokuja nacho ni kingine, na bega ni lake, siyo la yule wa kwenye picha. Huwa unafanyaje? Humfukuzi mteja. Humwahidi pia kwamba itatoka vilevile. Unamwambia aje afanye fitingi.

Mlichofanya Raskazone ilikuwa fitingi ya kwanza, na nguo ikabana kwapani. Mimi sijashangaa. Watu wazima wawili, wameshaambiana ya ndani kabisa, mchana kweupe, wauza madafu wanapita, na pengine jirani yako yuko benchi la tatu. Mngeongea nini zaidi ya bei ya mchele? Hebu ligeuze pia. Mwanamume ametoka Mwanza kwa basi, safari ya kuchosha, anayajua anayoyajua kutoka kwenye maongezi yenu ya usiku, na hakukushika hata mkono. Wewe ulisoma baridi. Inawezekana ilikuwa heshima, inawezekana ilikuwa woga, inawezekana kweli ilikuwa baridi. Ulimuuliza? Usiku ule mliongea mpaka saa nane. Kwenye yote hayo mligusia Raskazone hata mara moja? Hukuandika, na mimi nimeiona hiyo nafasi tupu.

Kuna mstari mwingine ulioupita haraka, mimi nikausimamia. Alikutumia video, ukamwambia hupendi, hajatuma tena. Katika barua nzima hapo ndipo niliposogea mbele kwenye kiti. Vijana wengi na watu wazima wetu mafunzo yao ya chumbani wameyapata kwenye video hizo, maana wavulana hatukuwawekea kungwi wa kuwaeleza mwanamke anavyohisi, na wanadhani ile ndiyo kamusi. B naye inaelekea alianza na kamusi hiyo. Ukamkataza kwa neno moja, akasikia. Aliyekuoa mwanzo ulimwambia kinachokuumiza akatafuta mwizi. Sisemi huyu ni malaika kwa sababu ya video moja. Kusikia kwenye simu ni rahisi kuliko kusikia umechoka, una hasira na nyumba imejaa wakwe. Ila ulitaka kujua kama akioa atawasha taa, na hapo una kipande kidogo cha jibu kutoka kwake mwenyewe.

Sasa yale yanayokunyima usingizi.

Picha. "Kuonekana mara moja" kulikuja WhatsApp mwaka 2021, na watu wengi wanakuchukulia kama kufuli. Simu ya pili ikishikwa juu ya simu ya kwanza, picha imepigwa. Sina sababu ya kumdhania B ubaya. Lakini simu zinaibiwa stendi, zinapelekwa kwa fundi, zinashikwa na wadogo zetu. Uso wako haupo, sawa, ila kovu la pasi mkononi wateja wako wote wanalijua, kwa sababu mkono huo ndio unaowapima. Usitume nyingine. Mwambie aifute kama aliihifadhi, na usikilize anavyojibu, maana anayejibu kwa upole na anayejibu "kwani huniamini?" ni wachumba wawili tofauti. Ikitokea siku mtu yeyote anakutishia nayo, usilipe hata senti, kwa sababu anayelipwa hurudi. Hifadhi ushahidi wa meseji zake, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kuna pia huduma inaitwa StopNCII, inaendeshwa kutoka Uingereza tangu 2021, bure. Ukiwa na picha yenyewe kwenye simu yako, inaitengenezea kitu kama alama ya kidole bila picha kutoka kwenye simu, kisha kampuni zilizojiunga, Facebook na Instagram zikiwamo, zinaitumia alama hiyo kuizuia isipandishwe kwao. Haizibi kila tundu, lakini inaziba makubwa.

Laiki. Hapa sitaki kukutuliza kwa uongo. Inaweza kuwa mazoea ya kidole tu. Inaweza kuwa ana wengine wawili anaoongea nao usiku mmoja na wewe, kwa saa tofauti. Mtandao umefanya kutafuta kuwe rahisi kiasi kwamba wengine hawajui tena pa kuacha, wanatafuta hata wakiwa wameshapata. Mimi kwenye chumba changu cha ushauri nimekutana na wanaume wa hivyo, na wanawake pia. Muulize, kwa maneno mepesi: "Nimeona bado umo kwenye lile kundi. Tuko wapi mimi na wewe?" Lakini kabla hujamuuliza, jitazame na wewe. Na wewe bado umo, la sivyo usingeiona hiyo laiki. Na una Mama Shuwari ambaye hamjui. Kama kuficha ni kosa, mmefanana.

Lile la "aliachana na mkewe zamani" nalo lisiishie kwenye simu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaihesabu ndoa ya Kiislamu kuwa inaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja, kwa hiyo anaweza kuwa na mke Ujiji na bado akakuoa Tanga kihalali kabisa. Pengine utakubali kuwa wa pili, hiyo ni juu yako. Ila ujue kabla, siyo uambiwe na wifi. Wazee walikuwa na njia yao: kabla ya posa kujibiwa, mtu alitumwa akaulize mtaani kwake. Kazi hiyo ilionekana umbea, kumbe ilikuwa uchunguzi. Tanga haikosi mtu mwenye ndugu Mwanza. Mkapime pia, wote wawili, VVU na mengine, mkapokee majibu pamoja. Mkiweza kukaa kwenye benchi lile la hospitali mkapiga stori, Raskazone haitawashinda.

Na sasa swali lenyewe, ukubali posa au usikubali. Naiona milango kadhaa, na kila mmoja una kizingiti cha kujikwaa.

Unaweza kukubali na kumzima wa usiku, ukaingia ndani kama mke mkimya. Mama atafurahi, majirani hawatakuwa na neno. Lakini B atakuuliza yuko wapi yule aliyekuwa anaongea naye miezi kumi na minne, na wewe utakuwa umejiwashia taa mwenyewe kabla hajaigusa yeye. Unaweza kumwambia yote kabla ya posa, grupu, Alhamisi, jina, na lile swali la mume wa kwanza. Hapo unaweza kumpoteza. Unaweza pia kumwona akinyamaza siku mbili, kisha akarudi na maswali ya wivu yasiyoisha, na ukaanza kujuta. Lakini hofu yako kubwa ni kusikia "umefundishwa na nani" tena. Kuisikia sasa, uko kwa mama na cherehani ni lako, na kuisikia baada ya mahari na mtoto wa tatu, havilingani. Au unaweza kuomba muda. Siyo kukataa, muda tu, posa isogee baada ya kuonana tena mara mbili au tatu, naye akuone ukiwa na watoto, umwone akiwa na njaa. Kizingiti chake ni kwamba mwanamume wa miaka 41 anaweza kuchoka na mama yako anaweza kuchoka kabla yake. Na kuna wanawake wanaoamua kubaki na mpenzi wa sauti bila kuolewa naye kabisa. Siwacheki. Usiku wao ni mzuri. Ila wengi walionifikia walikuja siku sauti ilipoacha kupiga, na hawakuwa na hata shangazi wa kumpigia kuuliza kulikoni.

Binti yako ana miaka 12. Sijui anashika simu yako kiasi gani, lakini nadhani anashika, wote wanashika. Muda si mrefu atakuwa na maswali, na asipoyaleta kwako atayapeleka kule B alikoipata ile video. Mama Shuwari anawajibu wanawake mia tatu asiowajua. Mmoja analala chumba cha pili. Nimeliweka tu hapo, siyo ulichoniuliza.

Kuhusu yule mteja wa makamo, pumua. Mwanamke aliyesikia sekunde tatu zile, akanyamaza, akaendelea kupapasa kitambaa, huyo ni mtu mzima. Ananikumbusha makungwi wa zamani. Amerudi mara ngapi kwako tangu siku ile? Kama anarudi, mshonee vizuri.

Na nina pendekezo moja la kitoto kidogo, unaweza kulicheka. B akija tena, nendeni Raskazone palepale. Mkae. Mkiona mmefika kwenye bei ya mchele, toeni simu zenu, mwandikiane. Mkiwa mmekaa benchi moja, bega kwa bega. Muandikie kwanza yale ya siku ile, kwamba ulirudi nyumbani ukalia. Usimtazame akiisoma, tazama bahari. Mwache ajibu kwa meseji. Ya pili pia. Ya tatu mwombe akusomee kwa sauti. Sijui itatokea nini. Inawezekana mkacheka mpaka muuza madafu akageuka, inawezekana akafunga simu akasema ana haraka ya basi, na vyote viwili ni habari unayoihitaji kabla mshenga hajapanda gari kuja Tanga.

Ukirudi kibandani uniandikie. Na ile bluetooth uizime.